Ngoma ya Kona ya Mwisho

Ijumbi, Muleba
17 Machi 2025

Kwako binti yangu Kokwijuka,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na narudia tena, kwa jina la Bwana, maana sijui siku hizi unasalimiwaje. Hapa nyumbani tu wazima. Mama yako Hellen mgongo unamsumbua lakini anapalilia hivyo hivyo. Mvua zimeshika.

Naandika kwa sababu simu nimeichoka. Nikipiga unasema "niko mazoezini, Taata," halafu unakata. Barua huwezi kuikata. Nimempa Rutaihwa, kondakta wa basi la Nshamba, nikamwambia akupe mkononi.

Mbwenu sasa, nisikilize. Jumamosi nilimtuma Rugaibula akuletee mkungu wa ebitoke hapo Bilele. Karudi uso umemshuka. Nikamwambia sema. Akasema, "Mzee Lameki, mtoto wako amesilimu." Nikamfukuza. Alipofika kwenye migomba nikamwita arudi anieleze vizuri.

Anasema alifika asubuhi akakukuta uani kwa Zuena, yule mama wa Kiislamu jirani ya shangazi yako Consolata unakokaa. Mko wanawake watupu. Viatu mmevua mlangoni. Kila mtu na mkeka wake. Na wewe, mtoto niliyekubeba mikononi kwenda kubatizwa, umepiga magoti, paji la uso liko chini, mikono umeinyoosha mbele, umetulia hivyo. Rugaibula akakohoa, hukugeuka. Mlipomaliza akakupa ndizi za gonja mama yako alizochoma alfajiri, ukasema huwezi kula. Mtu anakataa gonja za mama yake mchana wa Ramadhani! Kokwijuka, mimi si mtoto mdogo.

Sina ugomvi na Waislamu. Burhani wa pale Nshamba, anayenunua kahawa yetu, tunakula naye Idi na anakula kwetu Krismasi. Lakini mtu akibadili dini humwambia baba yake kwanza. Baba hapati habari kwa mpeleka ndizi! Na kama kuna kijana nyuma ya jambo hili, mtaje jina.

Nilikuruhusu uende Bukoba kwa sababu moja tu, kukimbia. Mwalimu Ishengoma alikaa hapa sebuleni, akatafuna buni za kahawa yetu, akaniambia kwamba tarehe kumi Mei watachagua wasichana wawili wa mita elfu moja na mia tano wauwakilishe mkoa kwenye mashindano ya taifa, na kwamba mmoja wao ni wewe kama utatulia. Alisema ukitulia. Hakusema ukiswali.

Nasubiri jibu, na lisiwe fupi.

Baba yako,
Lameki


Bilele, Bukoba
20 Machi 2025

Mpendwa Taata,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake, umwambie asiiname shambani siku nzima.

Sijasilimu. Nianze na hilo kabla hujaita kikao cha wazee wa kanisa, kama hujaita tayari.

Alichokiona Rugaibula kinaitwa yoga. Ni mazoezi ya viungo na pumzi. Ule mkao wa paji la uso chini unaitwa mkao wa mtoto, kwa sababu mtoto mchanga hulala vile amejikunja. Unalegeza mgongo, basi. Viatu tunavua kwa sababu raba zetu zina tope la barabara nzima. Wanawake tuko peke yetu kwa sababu wavulana wana zamu yao jioni, na Mwalimu Ishengoma mwenyewe yumo, anajipinda kwa shida mpaka anatia huruma. Yeye ndiye aliyemwomba Dada Zuena atufundishe. Dada alikuwa mcheza netiboli, akaumia goti, akajifunza yoga Dar alipokwenda kutibiwa. Hiyo ndiyo dini yote iliyopo hapa.

Gonja sikula kwa sababu nilikuwa nakwenda kukimbia. Mtu hakimbii na gonja tumboni. Nilizila baadaye, zote, hata shangazi hakuonja.

Kijana pekee aliyeko uani pale ni Haidari, mtoto wa Dada Zuena. Ana miaka sita na hana meno ya mbele.

Taata, imeniuma. Naamka bado giza, nakimbia kupanda vilima mvua ikininyeshea, narudi nimelowa, halafu nahukumiwa na mtu aliyechungulia juu ya ukuta. Ungeniuliza kwanza, ungeanza na "mwanangu, hiyo ni nini?" Ningekujibu. Lakini wewe umeanza na hukumu, umemalizia na kijana.

Mwalimu anataka misuli yetu iwe laini. Ni hivyo tu, hakuna zaidi.

Binti yako,
Kokwijuka


Ijumbi, Muleba
26 Machi 2025

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma, mama yako ameisoma, Mwinjilisti Anatory ameisoma, na wazee wawili waliokuwepo wamesomewa. Usikasirike. Jambo la mtoto wa kanisa ni la kanisa.

Anatory ana swali, na mimi naona ni swali zuri. Kama ni misuli, mbona mnafumba macho? Msuli haujui kama jicho limefumba au limefumbuka. Tena Rugaibula amekumbuka jambo jingine, kwamba mwishoni mlilala chali kama maiti, kimya kabisa, na yule mama akawa anapita katikati yenu akisema kwa sauti ya chini. Alikuwa anasema nini? Mimi nimelima maisha yangu yote nimeinama na jembe, hakuna aliyeniambia nifumbe macho. Burhani nilimuuliza dukani kwake kama Zuena, ambaye ni dada yake, anasilimisha watu. Akasema hajui lolote, lakini alibadilika uso.

Sasa habari njema. Kikao kimeamua kwaya nzima ije Bukoba tarehe kumi Mei, na ngoma ya kanisa inakuja. Nitasimama kona ya mwisho kama ninavyosimama siku zote. Unakumbuka Muleba mwaka juzi? Niliipiga ulipoingia kona, ukafyatuka, ukawaacha wale wasichana wameduwaa, ukashinda. Watu wanaiongelea mpaka leo pale Nshamba. Mwaka jana ukaenda Mwanza bila sisi, ukaugua malaria, ukarudi mikono mitupu. Mwaka huu hatufanyi kosa hilo.

Jina lako linaombewa kila Jumapili. Juzi nilisimama baada ya matangazo nikasema, "Wapendwa, mwaka jana malaria ilitunyang'anya, mwaka huu hapana!" Makofi yalipigwa kanisani, Kokwijuka. Kuna bibi mmoja alilia.

Hayo mambo ya mkeka uyaache mpaka Pasaka, uje nyumbani tuzungumze. Usipokuja, nitakuja kukutoa mwenyewe.

Baba yako,
Lameki


Bilele, Bukoba
30 Machi 2025

Kwa Mzee Lameki,

Shikamoo, mzee wangu, pole na kazi za shamba. Mimi ndiye Zuena. Tungekuwa tumekutana kwa jambo la furaha ningefurahi zaidi, lakini yamekuwa haya.

Kaka yangu Burhani alinipigia simu baada ya wewe kupita dukani kwake. Alikuwa mkali kweli. Ulimuuliza kama nasilimisha watu, naye akaenda kuuliza yoga ni nini, akaambiwa imetoka kwa watu wenye masanamu. Akaniambia napoteza dini, tena ndani ya mwezi mtukufu. Kwa hiyo kwenu nawaingiza watu kwenye Uislamu, na kwetu nawatoa. Mzee wangu, chagueni moja mnisute nalo. Mimi nimebanwa huku na huku, na nilichofanya ni kutandika mikeka uani kwangu.

Nilidhani unajua hali ya mtoto. Nilidhani kakueleza, ndiyo maana sikuwahi kukutafuta. Sasa naona hukuelezwa, na yeye atanikasirikia, lakini kukaa kimya nimeshindwa.

Kokwijuka anaogopa mbio. Sisemi mbio za mazoezi, hizo anakimbia mpaka wavulana wanasonya. Nasema mashindano. Siku ikikaribia halali. Asubuhi yake mikono inakuwa baridi, anatapika mpaka anabaki na maji tu. Mwanza hakuwa na malaria. Alijifungia chooni mpaka majina yakaitwa, akatoka, akakimbia raundi moja, miguu ikafa ganzi, akatoka nje ya mstari akakaa kwenye majani. Malaria ni neno alilokuja nalo nyumbani. Hata zile gonja, siku ile walikuwa na mbio za kujipima, na kitu hakipiti kooni.

Ninachosema nikipita katikati yao ni hiki: toeni pumzi pole pole, itoke ndefu kuliko mliyoivuta. Hakuna siri nyingine. Mtu mwenye hofu anavuta hewa juu juu, moyo unamkimbia kabla hata ya miguu. Macho tunafumba ili kila mmoja asimwangalie mwenzake na kujipima naye, maana kujipima ndiko kunakowaua hawa watoto. Amepata nafuu. Wiki hii walijipima tena, na asubuhi alikunywa uji.

Karibu uje uone kwa macho yako. Uje na Mwinjilisti. Mikeka ipo.

Zuena


Ijumbi, Muleba
4 Aprili 2025

Kokwijuka,

Kumbe.

Kumbe malaria haikuwepo. Mimi nimesimama mbele ya madhabahu nikaisema malaria ile kama vile niliiona. Mama yako alikuchemshia dawa. Watu walikuja kukupa pole wakatafuna kahawa hapa, na wewe umekaa kwenye mkeka unasema asante, asante. Na ya kweli naandikiwa na mtu baki.

Sitalisema kanisani. Nimeona nikuambie hilo kwanza.

Lakini niambie, unaogopa nini? Wewe! Wewe uliyekuwa unapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani ukiwaacha kaka zako wanahema? Uliyemfukuza yule mbwa wa Lwakatare kwa ubua wa mtama? Hofu hiyo umeitoa wapi, kwetu haipo. Nimelala nikiwaza, na nimepata jibu. Ni upweke. Uko huko peke yako, huna watu wako, ndiyo maana moyo unakutoka. Mwanza hatukuwepo, ukatapika. Muleba tulikuwepo, ukashinda. Mbona jambo liko wazi.

Kwa hiyo nimeongea na kwaya ya Nshamba pia. Nao wana ngoma yao. Zitakuwa mbili kona ile, na vigelegele. Jikaze, mwanangu. Kujikaza tu.

Baba yako,
Lameki


Bilele, Bukoba
9 Aprili 2025

Taata,

Shikamoo.

Nimeianza barua hii na kuichana sijui mara ngapi. Sasa naandika bila kuisoma nyuma, utanisamehe.

Unauliza naogopa nini. Naogopa ninyi.

Muleba nilitapika, Taata. Kabla ya mbio, nyuma ya gari lililoleta viti. Ninyi mlikuwa mnapanga kwaya mistari, wewe umevaa kanzu na koti na kofia yako ya harusi, unamwambia kila anayepita, "Binti yangu ndiye atashinda, simameni hapa muone." Mimi nakusikia mpaka kule nyuma ya gari. Nikawaza, nikishindwa huyu mzee ataiweka wapi sura yake? Ataitembezaje Nshamba? Nilikimbia kama mtu anayefukuzwa. Unasema ngoma ilinipa nguvu. Ngoma ilinipa hofu, na hofu ikakimbia. Siku ile ilikimbilia mbele. Mwanza ikakataa.

Mwanza hamkuwepo kwa miili, lakini mlikuwepo. Asubuhi ile uliniandikia ujumbe kwamba kanisa zima linafunga kula mpaka nimalize. Mpaka nimalize! Bibi zangu wana njaa Ijumbi wakinisubiri mimi na miguu yangu. Nani angeweza kunywa chai baada ya hapo?

Mnaniombea nishinde. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniombea nilale usingizi. Nikishinda, "Mungu amejibu." Nikishindwa, itabidi itafutwe malaria. Ndiyo maana niliitafuta mwenyewe mapema, nikawaletea.

Kwa Dada Zuena hakuna anayeniuliza nimekuwa wa ngapi. Nalala chini, navuta hewa, naitoa, na kwa muda ule sina deni la furaha ya mtu yeyote. Wewe hicho ndicho unataka kuja kunitoa. Umeniumiza sana, na najua maneno haya yatakuumiza, na bado nayaandika.

Pasaka siji. Tarehe kumi Mei sitaki kwaya. Sitaki ngoma, si mbili wala moja. Sitaki kusikia sauti yako uwanjani. Niache nikimbie mara moja maishani mwangu bila kona ile.

Kokwijuka


Ijumbi, Muleba
2 Mei 2025

Kokwijuka,

Barua yako ilifika kabla ya Pasaka. Hii sikumwonyesha Anatory.

Kwaya nimewaambia safari haipo. Waliuliza kwa nini, nikasema mzee nimeamua. Wamenuna.

Hutatusikia. Rutaihwa ana mkungu mmoja na parachichi za mama yako. Ule kama tumbo litakubali.

Lameki


Bilele, Bukoba
11 Mei 2025

Taata,

Shikamoo. Mama shikamoo.

Nimekuwa wa tatu. Wanachukua wawili.

Jana nililia nikamaliza, leo nina hasira tu, na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Nikueleze vizuri, usije ukaipata kwa Rugaibula. Nililala. Niliamka, nikakaa mkekani na wenzangu, nikanywa uji na nusu ya parachichi la Mama, na vyote vikakaa. Sikutapika, Taata! Mikono ilikuwa ya moto. Nilisimama kwenye mstari nikasikia ndege, nikasikia mtu anauza karanga, mambo ambayo sijawahi kuyasikia siku ya mashindano. Filimbi ikapigwa, nikakimbia kama ninavyokimbia mazoezini. Kengele ya raundi ya mwisho ilipolia tulikuwa watatu mbele, mimi, msichana wa Biharamulo na msichana wa Misenyi, na mimi ndiye niliyekuwa bado na pumzi. Niliwasikia wenzangu wanavyohema. Nilijua nimeshashinda.

Tukaingia kona ya mwisho. Na mimi sikuondoka.

Nilikuwa nasubiri ngoma.

Sikupanga kuisubiri. Miguu yangu ndiyo iliyosubiri. Tangu nikiwa darasa la tatu umesimama kwenye kona hiyo, kwenye kila uwanja wa majani wa wilaya nzima, na kila ukiipiga mimi naondoka. Hakuna siku niliamua mwenyewe nianze lini. Jana kona ikaja, kimya. Nikageuza kichwa, fikiria, mkimbiaji mzima, nikageuza kichwa natafuta kofia ya harusi ya baba yangu. Haikuwepo. Yule wa Misenyi akapita wakati mimi nageuka, wa Biharamulo akamfuata. Nilipokuja kuondoka nilikuwa nimechelewa. Yule wa pili alinizidi bega tu. Bega, Taata!

Mwalimu Ishengoma alitupa kofia yake chini. "Ulikuwa unamtafuta nani pale?" Ningemjibu nini, mimi mwenyewe niliyewafukuza?

Nilisema usipige ngoma. Nilisema sitaki sauti. Lakini hivi kweli wewe ulisoma ukaona nimesema usije? Ungesimama tu pale ukanyamaza. Ungevaa kofia. Hata kwa hasira ungekuja. Miaka yote hukunisikiliza hata mara moja, ukasubiri siku ile ndiyo unisikilize!

Kuna mbio za kanda Mwanza mwezi wa nane, na mshindi wa pale anaongezwa kwenye timu. Mwalimu anasema niendelee na mazoezi. Sijui kama nina hamu.

Binti yako,
Kokwijuka


Ijumbi, Muleba
16 Mei 2025

Mwanangu,

Barua yako nimeisomea kwenye migomba, kisha nikakaa chini huko huko mpaka mama yako akaja kunitafuta.

Nilikuwepo.

Nilikuja na basi la alfajiri peke yangu. Kofia niliiacha nyumbani usinione. Nilivaa koti la Rugaibula, lile lililochanika kwapa. Ngoma niliitia kwenye gunia la kahawa, na usiniulize kwa nini niliibeba wakati niliahidi. Nilishindwa kuiacha. Nikasimama kona ya mwisho, nyuma ya mama anayeuza karanga. Ndiye huyo uliyemsikia.

Nilikuona kwenye mstari. Hujawahi kusimama hivyo, mabega yameshuka, uso umetulia. Nikajiambia, kumbe mtoto huyu ana sura hii na mimi sijawahi kuiona. Mbio zikaanza. Nilitaka kupiga kelele mpaka taya likaniuma. Nikakumbuka maneno ya Zuena, toa pumzi ndefu kuliko uliyovuta. Nikatoa. Yule mama wa karanga akaniuliza, "Mzee, unaumwa?" Nikamwambia nyamaza, binti yangu anapita.

Mkaingia kona. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya gunia, juu ya ngozi. Nikaona umegeuza kichwa unatafuta. Ukaangalia upande wangu hasa.

Nikainama, Kokwijuka. Nilijificha nyuma ya beseni la karanga. Nilidhani unaangalia kuhakikisha sipo. Nikasema moyoni, asinione, nisije nikamharibia. Nilipoinuka walikuwa wameshakupita.

Watu walipotawanyika nilibaki nimekalia gunia. Zuena ndiye aliyenikuta, akasema amenitambua kwa sura yako. Aliniletea maji. Nilimwomba asikuambie, na naona hakusema, amelishika neno langu kuliko mimi nilivyolishika lako. Nilirudi na basi la mchana. Jumapili walipouliza kanisani nilisema, "Amekuwa wa tatu, na hana malaria." Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi, na sikufa.

Jambo jingine, nikuambie kabla hujaambiwa. Mama yako alitandika majani mapya ya kukalia sebuleni kwa ajili ya wageni wa kanisa. Juzi jioni nikajaribu ule mkao wako wa mtoto hapo kwenye majani, nione mgongo unasemaje. Paji la uso liko chini, Anatory akaingia bila hodi. Ameanza kuniombea na mimi. Nimemwambia kama lazima aombe, akuombee wewe usingizi. Mgongo umelegea kweli, na mama yako naye anafanya.

Sasa Mwanza. Kwaya haiji, na hakuna atakayefunga kula, hilo nimeshalisema. Kama unataka nisije kabisa, nitabaki hapa nipalilie. Kama unataka nije ninyamaze, nitanyamaza, lakini nitavaa kofia na sitainama tena. Na kama miguu yako bado inaisubiri ngoma, ninayo. Wewe pumua unavyofundishwa, kazi ya kupiga niachie mimi.

Ila safari hii andika wazi. Mimi nilikuwa nakisia unachotaka na wewe ulikuwa unakisia nilipo, tumeshakosa nafasi kwa kukisia. Niandikie nisimame wapi, na nianze kupiga ukifika wapi.

Baba yako,
Lameki